Fainali uzeeni, lakini njaa ni ya leo

Haya ni maneno ya mazungumzo ya kila wiki kama yalivyosikika redioni Jumapili jioni.

Leo nataka tuzungumze habari ya fedha. Siyo fedha za vigogo, hizo tumeshazizungumza mpaka koo zimekauka. Nazungumzia fedha yako wewe, mfanyakazi unayedandia daladala saa kumi na moja alfajiri. Ile fedha inayokatwa kwenye mshahara kabla hujaiona, ikaenda kukaa mahali kukusubiri uzeeke. Swali la leo ni moja: ukiachishwa kazi leo, na uzee bado uko mbali, fedha ile ni yako au si yako?

Swali hili halikutoka kitabuni. Liliingia nyumbani kwangu na viatu vyenye vumbi, likakaa kwenye kochi, likaomba maji ya kunywa. Nina shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho, mtu wa miaka 38. Alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, upande wa mashine za kufungashia. Mwaka jana kiwanda kikapunguza watu, naye akawamo katika waliopunguzwa. Hakuiba, hakulewa, hakugombana na mtu. Biashara ilipungua, basi.

Alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya kusitishiwa ajira, nakala ya kitambulisho chake, na karatasi ya michango yake. Akaniambia, "Shemeji, wewe ni mtu wa redio, unajua watu. Nisaidie nikatoe hela zangu. Nataka kununua mashine ya kuchomelea na jenereta, nianze kutengeneza mageti pale barabarani."

Nikamwuliza, "Mfuko wamekwambiaje?"

Akasema, "Wamesema watanipa fao la upotevu wa ajira. Nyingine mpaka nizeeke. Shemeji, mimi hiyo nyingine ndiyo ninayoitaka."

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo tulipoanza mazungumzo ambayo hayajaisha hata leo.

Tuanze na sheria, maana watu wengi tunazungumza juu ya jambo hili kwa kusikia vijiweni. Zamani nchi yetu ilikuwa na Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ule tuliozoea kuuita NPF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Ulikuwa mfuko wa akiba hasa: unaweka, mwajiri naye anaweka, siku ukimaliza unachukua chote kwa mkupuo, unarudi nyumbani. Sheria ya mwaka 1997 ndiyo iliyougeuza kuwa NSSF, na hapo shabaha ikabadilika. Kutoka kibubu cha mtu binafsi, tukaingia katika hifadhi ya jamii, yaani wote tunachangia chungu kimoja na kila mmoja anakula kwa utaratibu: pensheni ya uzee, pensheni ya ulemavu, mafao ya warithi, mafao ya uzazi na mengineyo.

Lakini mazoea hayafi kwa kupitishwa sheria. Mfuko uligeuka, vichwani mwetu bado kilikuwa kibubu. Na kwa miaka mingi mlango wa nyuma uliachwa wazi. Mlango huo uliitwa fao la kujitoa. Ukiacha kazi, unakaa miezi kadhaa, unapeleka makaratasi, unachukua fedha zako, jina lako linafutwa. Ukipata kazi nyingine unaanza moja.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii, na katikati ya mwaka ule mamlaka iliyokuwa ikiisimamia sekta ikatangaza kwamba mlango wa kujitoa umefungwa. Nani asiyekumbuka kasheshe ile? Wafanyakazi wa migodini ndio waliopiga kelele kuliko wote, na walikuwa na hoja. Mtu anayeingia chini ya ardhi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, anayejua kwamba mapafu na mgongo wake havitamfikisha miaka 55 kazini, unamwambiaje asubiri? Serikali ikalegeza, watu wakaendelea kujitoa. Halafu ikaja sheria ya mwaka 2018, ile iliyounganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na kuiachia NSSF sekta binafsi na wanaojiajiri. Sheria hiyo ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na humo fao la kujitoa likabadilishwa na fao la upotevu wa ajira.

Fao hili linafanyaje kazi? Kwa maneno mepesi ni hivi. Kama umechangia kwa miezi isiyopungua 18, hujafikisha miaka 55, na hukuacha kazi kwa hiari yako, Mfuko unakulipa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa muda wa miezi sita. Michango yako haifutwi, miezi yako inabaki kwenye kumbukumbu, na ukipata ajira nyingine unaendelea pale ulipoishia. Angalia vizuri hilo neno la kuacha kwa hiari. Ukimrushia bosi barua ya kujiuzulu mezani kwa hasira, fao hili umelitupa pamoja na barua.

Shemeji yangu mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 420,000. Theluthi yake ni kama shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 840,000. Alizipata, na sitaki kumsingizia mtu. Ziliingia, zikalipa kodi ya chumba na sare za watoto, zikaisha.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Kinachopelekwa kwenye Mfuko ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kutoka kwa mfanyakazi na nusu kutoka kwa mwajiri. Tuchukulie, kwa urahisi wa hesabu, kwamba mshahara wake haukubadilika. Asilimia 20 ya 420,000 ni 84,000. Kwa miezi 108, yaani miaka tisa, ni zaidi ya milioni tisa. Mtu anayejua kwamba ana milioni tisa mahali fulani, huku mkewe anakopa unga dukani, hawezi kulala usingizi mzuri. Mimi simlaumu. Wewe unayemlaumu, ama umeshiba, ama umesahau.

Basi akaniambia kwamba amempata kijana mmoja, katika wale tunaowaita vishoka, wanaozungukazunguka na mafaili kwapani. Kishoka huyo alitaka laki mbili amtengenezee barua ya kuonyesha mambo yasiyokuwepo, ili fedha zitoke zote. Nilimwambia shemeji yangu kwamba nikisikia amempa mtu yule hata mia, mimi mwenyewe nitakwenda kumsema kwa mkewe na kwa mama mkwe. Alikasirika. Alisimama, akachukua bahasha yake, akaondoka bila kunywa chai. Kwa muda wa miezi miwili hakukanyaga nyumbani kwangu.

Ndugu msikilizaji, kabla hujasema kwamba nilifanya vyema, sina budi kukuambia jambo ambalo siku ile sikumwambia yeye. Mimi mwenyewe nilijitoa.

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika gazeti moja, nikiwa na diploma yangu ya uandishi bado inanukia wino. Ajira ikaisha. Nikasubiri muda uliotakiwa, nikapeleka makaratasi, nikalipwa milioni tatu na ushee. Nikajiona tajiri. Niliyafuta maisha ya miezi 72 kwa sahihi moja, tena kwa furaha.

Milioni moja ilikwenda hospitali. Mama yangu alikuwa na uvimbe tumboni na operesheni haikuwa ya kusubiri. Zilizobaki nilifungua duka la vifaa vya ofisini, na mashine moja ya kutoa nakala niliyouziwa ikiwa imeshachoka. Mashine ilikuwa inakula karatasi kama mbuzi. Baada ya miezi 14 duka likafungwa, nikauza mashine kwa bei ya chuma chakavu.

Mwaka 2013 nikapata ajira redioni, nikaanza kuchangia upya, mwezi wa kwanza kama mtoto wa jana. Kuna vipindi katikati nilikuwa mwandishi wa kulipwa kwa habari, hakuna mkataba, hakuna mchango. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua taarifa yangu. Nina miezi 131.

Kwa nini nahesabu miezi? Kwa sababu ili upate pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15. Ukifika umri wa kustaafu ukiwa chini ya hapo, unalipwa mkupuo wako mara moja, mnaagana. Mimi nina miaka 46 na bado natafuta miezi 49. Kama ile 72 ingalikuwepo, ningekuwa na 203, mlango ningekuwa nimeshauvuka, na nafsi yangu ingekuwa imetulia.

Lakini hilo la kuvuka mlango ni dogo. Kubwa ni hili ambalo wengi hatuambiwi. Pensheni haihesabiwi kwa fedha uliyoweka zamani. Inahesabiwa kwa idadi ya miezi yako na wastani wa mishahara yako mizuri ya karibu na kustaafu. Kila mwezi mmoja uliochangia unakupa sehemu moja ya 580 ya mshahara wako wa mwaka. Maana yake ni kwamba mwezi niliochangia mwaka 2004, nikiwa na mshahara mdogo kabisa, siku ya kustaafu ungehesabiwa kwa mshahara wa siku hizo za mwisho.

Chukua karatasi. Tuseme nikistaafu wastani wa mshahara wangu ni shilingi 900,000 kwa mwezi, ambazo ni 10,800,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 72, gawa kwa 580. Unapata kama 1,340,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 111,000 kwa mwezi, kabla ya kutenga ile sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Hiyo ndiyo pensheni ya ile miezi 72 peke yake, mpaka nizikwe. Niliiuza kwa milioni tatu na ushee. Mwaka mmoja na nusu wa uzee wangu ungetosha kurudisha karibu milioni mbili.

Hebu sasa utaniambia, "Dada, kumbe Serikali ilifanya vizuri kufunga mlango." Ngoja kwanza. Mama yangu aliishi miaka tisa baada ya operesheni ile. Aliwaona wajukuu wawili ambao asingewaona. Ukiniuliza leo kama nitamrudisha mama kaburini mapema zaidi ili nipate 111,000 kila mwezi nikiwa mzee, nitakufukuza mlangoni kwangu. Duka najutia. Mashine ya kutoa nakala najutia mpaka kesho. Milioni ile ya hospitali sijutii hata senti.

Na hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili, na ndiyo maana siwapendi wanaolizungumza kama jambo jepesi, upande huu au upande ule.

Wanaosema "tupeni chetu chote" wana hoja ya njaa, na njaa ni hoja nzito. Lakini tumeshaona mwisho wake. Baba yangu alipunguzwa kazini mwaka 1994, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakifungwa na kuuzwa. Alichukua mkupuo wake wa NPF akanunua nusu ya Hiace pamoja na rafiki yake. Gari ilifanya kazi miezi minane, ikaingia gereji, haikutoka. Mzee aliyekuwa akiondoka nyumbani na suruali iliyopigwa pasi akaishia kuuza mkaa wa kupimia kwenye kopo. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiniomba nauli, mimi mwanawe, huku anaangalia pembeni. Hakuwa mlevi wala mtu wa anasa. Alikuwa fundi mzuri wa mitambo ya nguo, na hakuna siku aliyofundishwa biashara. Wazee wangapi wa mitaa yetu walipita njia hiyo hiyo?

Nao wanaosema "fungeni kabisa, ni kwa faida yao" wana hoja ya uzee, na uzee nao hauna huruma. Vijana wana msemo wao, fainali uzeeni. Ni kweli. Lakini hakuna timu inayofika fainali bila kucheza mechi za mwanzo. Mtu akifa kwa malaria kwa kukosa hela ya dawa akiwa na miaka 40, hiyo pensheni ya miaka 60 itamfaa nini? Tena yupo yule anayeuliza, na ana haki ya kuuliza: nikisubiri miaka 20, fedha itakuwa bado fedha? Wazee wetu waliostaafu miaka ya 80 waliona bei zikipanda kwa karibu theluthi moja kila mwaka, pensheni ikabaki pale pale, mpaka ikawa nauli ya kuifuata ni kubwa kuliko yenyewe. Kumbukumbu kama hiyo haifutwi kwa semina.

Tena watu wameona kanuni zikibadilishwa mchezo ukiwa unaendelea. Mwaka 2018 kilipotangazwa kikokotoo kipya cha mkupuo wa asilimia 25, wastaafu walipiga kelele mpaka tarehe 28 Desemba ya mwaka ule, Rais Magufuli alipoagiza kikokotoo cha zamani kiendelee kutumika. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuongeza tena. Kuongeza ni jambo jema. Lakini mfanyakazi anayeona namba zinapanda na kushuka anajiambia moyoni: heri changu mkononi leo.

Wenzetu wa Afrika Kusini walikuwa na ugonjwa huu huu. Kule mtu alikuwa akiacha kazi anachukua akiba yake yote ya uzeeni, wengine wakiacha kazi makusudi ili tu waifikie ile fedha. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 wakaanza utaratibu wanaouita wa vyungu viwili. Michango mipya inagawanywa mara tatu. Sehemu moja inaingia chungu cha akiba, ambacho mwanachama anaweza kuchota mara moja kwa mwaka akipatwa na shida, akiwa bado yuko kazini, na anakatwa kodi. Sehemu mbili zinaingia chungu cha uzee, na hicho hakifunuliwi mpaka astaafu, hata akiacha kazi. Milioni za watu walichota mara tu mlango ulipofunguliwa, jambo linalokuonyesha jinsi watu walivyokuwa na shida. Lakini theluthi mbili zilibaki salama.

Sisemi tuige kila kitu. Mifuko yao na yetu haikujengwa namna moja. Yao kila mtu ana akaunti yake, yetu ni chungu cha pamoja, na ukichota kwenye chungu cha pamoja lazima mtu apige hesabu nani atajazia. Ila nasema kati ya kufunga kabisa na kufungua kabisa kuna mahali pa kusimama. Mtu aliyechangia miaka tisa, akapoteza kazi bila kosa lake, akakaa mwaka mzima bila ajira, asiwe na njia ya halali ya kupata hata sehemu ya kile alichokatwa yeye mwenyewe? Mkimnyima njia ya halali, kishoka yupo nje ya geti anamsubiri na faili kwapani.

Sasa nikurudishe kwa shemeji yangu, maana hadithi yake ina sehemu ambayo iliniuma kuliko zote.

Mwezi uliopita alirudi. Alipiga hodi Jumapili mchana, akiwa na mdogo wangu na watoto na kilo moja ya sukari. Hakuna aliyesema habari ya ugomvi. Baada ya kula akatoa ile bahasha ya kaki, akasema, "Shemeji, hebu nisaidie kusoma hii karatasi. Niliisoma mwenyewe siku ile nikiwa na hasira, nikaona namba ya mwisho tu."

Tukaisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi. Miaka tisa ni miezi 108. Karatasi ilikuwa na miezi 94. Tukarudia mara tatu, mwanangu mkubwa akahesabu kwa simu. Miezi 94. Kumi na minne haipo. Tukaleta hati zake za mshahara alizozihifadhi mdogo wangu chini ya godoro, Mungu ambariki. Miezi yote ile 14 alikuwa amekatwa. Mwajiri alimkata, hakupeleka.

Piga hesabu tena. Kwa 84,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,176,000. Kubwa zaidi, ni miezi 14 ya safari ya kuelekea 180. Shemeji yangu alikuwa tayari kumpa kishoka laki mbili ili apate fedha iliyopo, na hakujua kwamba kuna fedha isiyokuwepo.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa hapa mwizi ni nani? Maana mimi kila siku nilikuwa nawatukana watu wa Mfuko."

Tuliandika barua usiku ule ule, kwa mwajiri, nakala kwa Mfuko, nakala kwa chama cha wafanyakazi, tukaambatanisha hati za mshahara. Mwajiri hana sababu ya kujitetea; sheria inamtaka apeleke michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Wiki iliyopita shemeji alipigiwa simu aende na vivuli vya hati zote 14. Bado hatujashinda, nami sitakwambia tumeshinda. Lakini safari hii tunapigania kitu tunachokijua.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, nina maneno ya pande tatu.

Kwenu mnaotunga sheria: mlango mlioufunga mwaka 2018 mliufunga kwa nia ya kumlinda mzee wa kesho. Mkumbukeni na kijana wa leo. Theluthi ya mshahara kwa miezi sita haimvushi mtu katika nchi ambayo kupata kazi nyingine kunaweza kuchukua miaka. Kaeni na vyama vya wafanyakazi na watu wa hesabu, mtafute kiasi kinachoweza kutoka bila kuua pensheni ya mtu. Na mkishakubaliana, iacheni kanuni ikae, watu waizoee, waiamini.

Kwenu waajiri: fedha uliyomkata mfanyakazi si mtaji wako. Usiilipie umeme, usiilipie mafuta ya gari. Wapo waajiri wanaopeleka kila mwezi hata biashara ikiwa ngumu, na nawapa heshima yao. Kwa wale wengine, sina neno la adabu la kuwaambia redioni.

Na kwako wewe mfanyakazi, ambaye labda unanisikiliza huku unanyoosha shati la kesho. Usingoje ufukuzwe ndipo uijue karatasi yako. Chukua taarifa ya michango yako angalau mara mbili kwa mwaka, uhesabu miezi kwa kidole. Tunza hati za mshahara, hata chini ya godoro. Ukiachishwa kazi, dai barua inayosema umeachishwa na kwa sababu gani, maana bila barua hiyo utaonekana umeacha mwenyewe. Ukijiajiri, unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ili miezi isisimame. Kishoka usimpe hata mia. Na kama kuna siku sheria itakuruhusu kuchota sehemu, chota kwa ajili ya kitu ambacho hutakijutia, na mashine chakavu ya kutoa nakala umwachie mwenyewe.

Shemeji yangu sasa anafanya kibarua kwa fundi mmoja wa mageti, kwa mashine ya fundi, siyo yake. Tukirudishiwa ile miezi 14 atakuwa na 108, na atabakiwa na 72 kufika 180. Jumapili ile, wakati wa kuondoka, alisimama mlangoni akaniuliza, "Shemeji, hiyo sabini na mbili nitaipata wapi, na mimi sina ajira?"

Namba ile ile niliyoifuta mimi mwaka 2009. Nilimwambia tuanze na ile kumi na minne kwanza. Sikuwa na jibu jingine.

Mpaka Jumapili ijayo, Mungu akipenda, nakutakia wiki njema. Kwaheri.